Mwaka Niliovua kwa Nzi wa Manyoya

Harith alizikwa Jumatatu, na Jumanne alasiri nikenda kutoa pole nyumbani kwake Al Khoudh, hapa Maskati, kwa sababu hata mtu uliyemchukia maisha yako yote, akifa unakwenda. Nilikaa upande wa wanawake, nikapewa kahawa na kipande cha halwa, nikasoma Fatiha kama wengine. Ukutani, mkabala na mimi, walitundika picha yake kubwa: amesimama ndani ya maji mpaka magotini, mkono mmoja kashika ufito wa kuvulia, mkono wa pili kamnyanyua kolekole mnono, uso umejaa kicheko. Mjukuu wake Ilham, msichana wa chuo kikuu, mwenye sauti nzuri na macho mekundu ya kulia, alikuwa akiwasimulia wageni. "Babu ndiye mtu wa kwanza kuvua kwa nzi wa manyoya nchi hii," alisema. "Hakufundishwa na mtu. Aliwatazama samaki tu, akafikiri, akajua." Wanawake wakasema mashaallah. Nikakitua kikombe changu kwa nguvu mpaka kahawa ikanimwagikia vidoleni. Bibi mmoja aliyekaa ubavuni pangu akanishika goti kwa huruma. "Umeumia, dada. Mlikuwa jamaa?" Nikamwambia tulijuana. Nikanyamaza, kwa sababu nyumba ilikuwa na msiba na mimi nimelelewa. Lakini garini, tunarudi Khuwair ya Kusini, nikalipuka, mpaka binti yangu akapunguza mwendo. "Mama, mtu keshakufa," akaniambia. "Msamehe." Nikamjibu, nimsamehe nini, na kosa lenyewe halijatajwa hata siku moja?

Basi nalitaja. Sitaeleza tulivyotoka Unguja wala nani tulimwacha. Kila nyumba yetu sisi tuliotoka huko ina hadithi hiyo na kila nyumba inaisimulia vizuri kuliko mimi. La kujua ni hili: kabla ya hayo yote, baba yangu alikuwa karani wa kituo cha samaki milimani Kenya, kule Wazungu walikopandikiza trauti kwenye mito ya baridi, na mimi utoto wangu niliupitisha kwenye kingo za mito ile. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvua kwa nzi. Ndoana ndogo unaifunga manyoya na uzi mpaka inafanana na mdudu au kisamaki. Ni nyepesi mno, huwezi kuitupa kama jiwe, kwa hivyo unachotupa ni mshipi wenyewe, mzito, unaokwenda nyuma ya kichwa chako ukanyooka, kisha ukarudi mbele ukatua majini taratibu. Ukifanya haraka unaharibu. Baba alikuwa akisimama nyuma yangu akisema neno moja tu: "Ngoja." Aliniambia pia kwamba katika nchi za mbali wako trauti wanaokwenda kuishi baharini, na mwisho wa baridi, mito inapojaa, wanarudi kupanda juu, wakubwa kama mtoto mchanga. Alitamani kuwaona. Alipokufa aliniachia ufito wake wa mwanzi uliopasuliwa na kuunganishwa tena kwa gundi, na huo ndio mzigo pekee nilioupigania njia nzima mpaka Maskati.

Mwaka wa sitini na saba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa Matrah kwa Ami Khalfan, ndugu wa baba. Chumba cha wanawake kilikuwa na dirisha moja lenye vyuma, kuta nene za chokaa, na harufu ya papa mkavu iliyopanda kutoka jikoni mchana kutwa. Tulikula wali na samaki kwenye sinia moja, na baada ya chakula wanaume walihamia chumba cha pili, tukawasikia. Nilisikia mengi kupitia ule ukuta. Nilisikia kwamba sisi wa Unguja Kiarabu chetu kinachekesha, kwamba wasichana wetu wamesoma mno, kwamba mimi nimeshapita umri na heri nipatiwe mume kabla watu hawajauliza kwa nini sina. Sauti ya Ami ndiyo iliyokuwa ya pole kuliko zote, na ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana alikubaliana na kila aliyesema. Mkewe, Bi Raya, alikuwa akishona kofia pembeni yangu, tundu moja moja, na kila wakisema la kijinga alivuta uzi kwa nguvu. "Usiwasikilize," aliniambia siku moja. "Wanaume wakishiba husema. Wakiwa na njaa ndio wanasikia." Sikujua wakati ule kwamba alikuwa anasema jambo ambalo yeye mwenyewe atakuja kulifanyia kazi.

Bi Raya alikuwa na kifua. Baridi ile kikamzidi, na Ami akaamua tuhamie shambani kwake Qurum, mimi na Bi Raya, akapate hewa. Watu wa leo wakisikia Qurum wanafikiria barabara na maduka. Siku hizo palikuwa na vibanda vya makuti, mitende, na khori iliyoingia ndani kutoka baharini, mikoko imeizunguka pande mbili. Juu yake lilikuwapo wadi, bonde kavu la mawe, ambalo mwaka mzima halipiti maji mpaka mvua inyeshe milimani. Mwezi wa pili mvua ikanyesha huko juu, na wadi likashuka. Tuliusikia mngurumo kwanza, tukadhani gari, kisha maji yakaja ya rangi ya chai ya maziwa, yakabeba magogo na mbuzi mmoja aliyekufa, yakamwagikia khorini. Baada ya siku chache yakatulia, yakawa safi, baridi, yanatiririka mchana na usiku. Nikenda kuchota maji nikaona mikizi wadogo wanapanda kutoka baharini kuyafuata yale maji matamu, maelfu yao, na nyuma yao, wakiupasua uso wa maji kama visu, makolekole wanaowawinda. Niliitua ndoo yangu chini bila kuchota. Ulikuwa mto. Baada ya miaka yote ile, nilikuwa na mto, mwisho wa baridi, na samaki wa baharini wanaupanda.

Nikamwomba Bi Raya ruhusa. Hakucheka. Aliutazama ule ufito, akaupindisha kidogo, akauliza, "Na huyo nzi unamtoa wapi?" Nilitumia manyoya ya shingo ya jogoo mweupe, singa za mkia wa mbuzi, na uzi wa hariri wa kofia zake. Wa kwanza alifumuka. Wa pili alizama. Wa tatu nikamfanya mrefu, mweupe tumboni na kijivu mgongoni, mfano wa mkizi mchanga, na asubuhi ile kolekole akamkamata kwa kishindo hata nikapiga ukelele. Mshipi ulinikata kidole. Samaki alikwenda mpaka karibu na mikoko, nikamgeuza, akakimbia tena, na Bi Raya, mgonjwa wa kifua, amesimama ukingoni na shela lake akipiga kelele, "Usimwache! Wallahi usimwache, mwanangu!" Tulimla mchana na ndimu na pilipili, tukamaliza mpaka kichwa. Tangu siku hiyo tulikwenda kila alfajiri, baada ya sala. Mimi nilikunja suruali nikaingia majini, yeye alikaa kwenye mkeka na kofia yake. Nakumbuka nilikuwa na furaha, na nalisema hilo makusudi, kwa sababu ukimsimulia mtu dhuluma tu atadhani hukuwa na kitu cha kudhulumiwa.

Harith alikuwa mtoto wa mshirika wa Ami katika biashara, naye wa kwetu Unguja, miaka ishirini na tatu, mtanashati, anafanya kazi ya mkalimani kwa Waingereza waliokuwa wakitafuta mafuta. Alituletea mchele na dawa za Bi Raya kwa gari la kazini. Alinikuta natupa mshipi. Alisimama kimya mpaka nikamtoa samaki, kisha akasema, kwa Kiswahili safi cha Mjini Unguja, "Bi Zuwena, hicho nlichokiona ni kitu gani?" Ilikuwa miezi mingi tangu mwanamume kuniuliza swali na kungoja jibu. Nikamweleza. Akarudi wiki ile ile, akarudi tena, na Bi Raya amekaa pale pale siku zote, nikamfundisha. Hakuwa mwepesi. Alitupa kwa bega kama anayefukuza kunguru.

"Ngoja," nikamwambia. "Mshipi haujanyooka nyuma."

"Ntajuaje umenyooka? Sina macho kisogoni."

"Utausikia. Ufito utakuvuta."

Siku alipousikia alinigeukia na uso wa mtoto. Nilimpenda kwa ajili ya uso ule, na sioni haya kusema. Naye alisema maneno. Alisema atawaleta wazee wake kuniposa Idi Kubwa ikipita. Alisema nikiolewa naye nitavua nitakavyo, hakuna atakayeniambia kitu. Aliomba nimfungie nzi wachache wa kufanyia mazoezi, nikamfungia kumi na kitu, kila mmoja kwa uangalifu, kama msichana mwingine anavyomfumia mchumba kofia.

Ijumaa moja, maji ya wadi yameanza kupungua, nilikuwa nimeingia ndani ya mikoko kufuata samaki, Bi Raya kabaki ukingoni kwenye mkeka wake. Nikasikia gari, kisha sauti mbili upande wa pili wa miti. Harith, na Mzungu. Walizungumza Kiingereza. Harith alikuwa amesahau, au hakupata kujali, kwamba mimi shule nilisoma Kenya. Mzungu alisema hajaona nzi waliofungwa vizuri namna ile tangu atoke kwao. Na Harith akajibu, bila hata kusita: "Nafunga mwenyewe. Nilivumbua hapa hapa. Watu wa huku wanajua nyavu tu." Mzungu akasema kijana mwenye akili kama yake asipotee, yeye atasema na mkubwa wake, apelekwe Uingereza kusomea kazi. Nilisimama, maji magotini. Ningeweza kubaki mle. Nilitoka. Nikavuka mpaka walipo, nikamwambia yule Mzungu kwa Kiingereza kwamba nzi wale ni wangu, nimewafunga mimi, na huyu nimemfundisha mimi, na kama ana shaka amwambie afunge mmoja sasa hivi mbele yetu, manyoya ninayo mfukoni.

Harith akacheka. Kicheko hicho hicho cha kwenye picha. Akamwambia Mzungu, "Huyu mtumishi wa shamba. Akili yake si nzima, maskini."

Mzungu alinitazama. "Anazungumza Kiingereza kizuri sana kwa mtumishi," alisema. Alijua. Nawaapia alijua. Kisha samaki wakaruka katikati ya khori, akageuza shingo kuwatazama, na basi. Nilikuwa jambo la kweli kwake kwa muda wa pumzi moja, halafu kolekole wakawa jambo kubwa zaidi.

Alasiri Ami Khalfan akaja kutoka Matrah. Harith alikuwa ameshamfikia kwanza, na alichomwambia kilikuwa kimepangwa barabara: kwamba amenikuta majini, miguu wazi, nazungumza na Mzungu, na kwamba yeye, kwa heshima ya nyumba, amemwondoa yule Mzungu haraka, na kwamba ile posa aliyoikusudia tena basi. Tulikuwa chumbani, Ami na Bi Raya kwenye zulia, mimi nimesimama, Harith mlangoni kama mgeni asiyetaka kuingilia mambo ya watu. Nikasema yote. Ami hakunikatiza, kwa sababu alikuwa mpole, lakini niliona kwamba ananisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua. Ndipo Bi Raya aliposema.

"Mimi nlikuwepo. Kila siku nlikuwepo, na leo nlikuwepo. Mtoto kasema kweli, na huyu kijana muongo."

"Wewe mgonjwa, Raya," Ami akasema. "Homa inakuonesha mambo."

"Homa yangu iko kifuani, haiko machoni."

Ami akainamisha kichwa. Akasema fitina ikae mbali, maneno yaishe, ufito utoke ndani ya nyumba maana ndio mzizi wa yote. Akauliza nani atauondoa. Harith akanyoosha mkono mlangoni pale pale. "Ntauweka amana, Ami," akasema. Amana! Neno la Mtume, kinywani mwa mwizi. Niliruka kuushika, Ami akanizuia kwa mkono mmoja, bila kunipiga, bila hata kunikunjia uso, na hiyo ndiyo sababu hasira yangu na yeye haijapoa mpaka leo: angelinipiga, angalau ningejua kwamba ameona kuna mtu mbele yake. Mbele ya macho yangu Harith akautia ufito wa baba yangu garini na akaondoka nao.

Tukarudishwa Matrah, mimi nikafungiwa kile chumba cha dirisha la vyuma. Idi Kubwa ikapita, Harith akapanda ndege kwenda Uingereza, na ufito akenda nao. Nikasikia kupitia ukutani wanaume wakimsifu: kijana wetu, kichwa chetu, kaweza kuwatia akili Wazungu kwa samaki. Nilikuwa nikiuma shela nisipige kelele. Lakini humo humo ndani kulikuwa na vita ambavyo sikuvianzisha mimi. Tangu siku tuliporudi, Bi Raya hakupika tena. Hakugomba, hakununa. Ami alipouliza chakula, alimjibu kwa adabu zote: "Ushahidi wangu haufai, bwana. Basi na chumvi yangu haifai." Akaendelea kushona. Ami akadhani ni ya siku mbili. Akala tende, akala mikate ya dukani, akala kwa jamaa mpaka jamaa wakaanza kuulizana. Akamleta mpishi, Bi Raya akasimama mlangoni mwa jiko na kile kifua chake kinachokoroma, mpishi akaona haya akaenda zake. Sokoni watu wakaanza kucheka. Ami alimletea kitambaa cha hariri, Bi Raya akakilaza juu ya sanduku bila kukifungua. Kiangazi kile cha Matrah, joto la kutoboa ukuta, mzee yule mpole alikonda mashavu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikihesabu mifupa yake kwa raha.

Siku moja akaja chumbani kwetu, akaketi sakafuni kama mtoto. "Raya, unataka nini?"

"Ufito wa mtoto."

"Uko Uingereza, nitautoa wapi?"

"Basi la kwanza limekushinda. La pili: Zuwena apelekwe Kuwait kwa jamaa zake, akasome ualimu. Na umpeleke wewe mwenyewe mpaka kwenye meli, watu wakuone."

"Watasema nini?"

"Watasema Khalfan ana njaa," akasema Bi Raya, na huo ndio mwisho wa mashauri. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa Kuwait. Yeye sikumwona tena. Kifua kilimchukua nikiwa mwaka wa pili wa masomo, na nimefundisha watoto miaka thelathini katika nchi hii, baada ya nchi kufunguka mwaka wa sabini na sisi tuliokuwa nje kurudi, kwa njaa ya mzee mmoja na ukaidi wa mkewe. Hakuna picha ya Bi Raya ukutani kwa mtu yeyote.

Harith naye alirudi, akapanda cheo juu ya cheo. Nilikutana naye mara moja tu ana kwa ana, katika arusi moja Wattaya, ndevu zimeshaingia mvi. Nikamuuliza ufito wangu uko wapi. Akacheka. "Bi Zuwena, bado unayo hayo? Mambo ya utoto." Mume wangu marehemu alinishika mkono, na nikaondoka.

Nimeandika mpaka hapa nikaona haitoshi. Karatasi haimtazami mtu usoni. Siku ya sita ya msiba nikamwambia binti yangu anirudishe Al Khoudh. Wageni walikuwa wamepungua. Bi Salma, mjane, alikuwa chumbani kwake amekaa eda, nguo nyeupe, mikono imelala mapajani. Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Nikakaa mbele yake, nikamwambia: "Bi Salma, nnataka kukwambia jambo kuhusu marehemu, na si zuri. Ukitaka nende zangu, sema."

"Wewe ndo Zuwena wa Qurum," akasema. "Nnajua. Alinambia mwaka wa kwanza tulipooana. Alikuwa anacheka." Akaifunua mikono yake akaniwekea mbele ya macho. Ncha za vidole gumba na shahada zilikuwa zimejaa vikovu vidogo vidogo, vyeupe, mamia. Nilivijua. Ni ndoana tu inayofanya hivyo. "Hakuweza kufunga hata mmoja maisha yake yote," akasema. "Wale waliopigwa picha vitabuni, wale walioshinda tuzo, wale aliowapelekea mawaziri. Miaka hamsini nimefunga mimi, jikoni, baada ya kuosha vyombo. Alisema nisiseme."

Nilitaka kumwonea huruma. Badala yake hasira yangu iliongezeka, ikawa kubwa kuliko chumba kile, kwa sababu siku zote nilidhani kaniibia mimi peke yangu. "Na wewe ukanyamaza," nikamwambia.

"Nlinyamaza," akasema. "Wewe je, ulisema, ukapata nini?"

Mlango ukafunguliwa, Ilham akaingia na kahawa, na nyuma yake wanawake watano sita waliokuja kutoa pole. Wakaketi, wakapokea vikombe, wakaanza kumtaja marehemu kwa wema. Bi Salma alimwambia mjukuu wake aketi. Kisha akanigeukia. "Mwambie," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwambie yote, nami nipo shahidi."

Nikamwambia. Sikushusha sauti, sikuruka kitu. Wanawake walibaki na vikombe mkononi, hakuna aliyekunywa, na mmoja alipotaka kuinuka, Bi Salma alimwambia kaa. Nilipomaliza, Ilham alikuwa analia kilio cha namna nyingine, cha hasira, nami nikamwacha alie. Nikamwombea marehemu maghfira, kwa kuwa huo ni wajibu wa kila aliye hai. Zaidi ya hapo sikumwombea kitu.